Hewa Imechangamana, Haikuungana

Waliotangulia umri, shikamooni. Walimu wenzangu, mafundi wa maabara, na ninyi wanafunzi mliokaa safu za mbele, habari za asubuhi.

Kuna swali ambalo halikosi kurudi katika kemia ya mwanzo: toa sababu zinazoonyesha kuwa hewa ni mchanganyiko. Wanafunzi wengi hujibu kwamba ndani yake mna gesi nyingi. Naomba tulikatae jibu hilo tangu mwanzo. Ni kweli gesi zimo nyingi, lakini wingi huo hauthibitishi chochote. Sukari ina kaboni, haidrojeni na oksijeni, elementi tatu nzima, na hakuna aliyewahi kuiita mchanganyiko. Tunachotakiwa kujua ni namna vitu hivyo vinavyokaa pamoja. Je, vimechangamana tu, au vimeungana?

Kiswahili kimetupa maneno mawili mazuri hapo, na mwalimu akiyatenganisha mapema nusu ya kazi imekwisha. Kwenye sufuria ya makande, mahindi na maharage yamechangamana. Harage limebaki harage kwa ladha na kwa umbo, na ukitaka unalichambua kwa mkono. Mpishi akizidisha maharage, bado ni makande. Lakini ile chumvi aliyoitia humo ni habari nyingine kabisa. Ndani ya chumvi, sodiamu na klorini zimeungana. Sodiamu peke yake ikikutana na maji hufoka na kuweza kuwaka. Klorini peke yake ni gesi ya sumu yenye rangi ya kijani iliyopauka. Zilipoungana zikazaa kitu cha tatu kisichofanana na mzazi yeyote, na uwiano wake hauna mjadala: gramu 23 za sodiamu kwa gramu 35.5 za klorini, chumvi iwe ya Uvinza au ya mashamba ya pwani. Hicho ndicho tunachokiita kampaundi, na wengine huita msombo.

Basi hewa ni kama makande, au ni kama chumvi?

Tuanze na vipimo. Hewa kavu, kwa ujazo, ina naitrojeni asilimia 78.08, oksijeni asilimia 20.95, agoni asilimia 0.93, na kabonidayoksaidi ambayo siku hizi imepita asilimia 0.042. Zinazobaki, yaani neoni, heliamu, kriptoni, zenoni na wenzao, ni chembe chache katika kila milioni. Nimesema hewa kavu kwa makusudi, maana ukiuruhusu mvuke wa maji uingie hesabuni, namba zote zinasogea. Chukua siku ya Dar es Salaam yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Mvuke wa maji peke yake unakuwa karibu asilimia 3.4 ya hewa yote, na oksijeni inashuka hadi kama asilimia 20.2. Nenda Dodoma wakati wa kiangazi, nyuzi 28, unyevu asilimia 30: mvuke ni karibu asilimia 1.3 tu, na oksijeni inapanda hadi kama 20.7. Pande zote mbili watu wanaiita hewa na wanaivuta bila kuona tofauti. Kampaundi haina uhuru huo. Hakuna maji ya Dar es Salaam yenye haidrojeni pungufu kuliko maji ya Dodoma.

Hiyo kabonidayoksaidi nayo inatoa ushahidi wake. Kabla ya viwanda, katikati ya karne ya 18, ilikuwa kama sehemu 280 katika kila milioni; leo imezidi 420. Kiambato kimoja kimeongezeka kwa nusu ya kilivyokuwa, na hewa imebaki hewa. Tabianchi imebadilika, na hilo ni janga la kushughulikiwa, ila kwa kipimo cha darasani hiyo ni tabia ya mchanganyiko.

Sasa kuna hoja moja ambayo naipenda kuliko zote, kwa sababu haihitaji kifaa chochote zaidi ya kalamu. Tuseme mtu anabisha, anasema naitrojeni na oksijeni zimeungana na kuwa kampaundi moja kubwa iitwayo hewa. Mwombe fomula. Kwa kila atomu moja ya oksijeni hewani kuna atomu 3.73 za naitrojeni. Namba nzima zinazokaribia uwiano huo ni 15 kwa 4, kwa hiyo fomula yake itakuwa N15O4. Piga uzito wake: 15 mara 14 ni 210, 4 mara 16 ni 64, jumla 274. Moli moja ya gesi yoyote, yaani kiasi chenye gramu sawa na namba hiyo ya uzito, katika joto la kawaida la chumba hujaza karibu lita 24. Gawanya 274 kwa 24, unapata gramu 11.4 kwa lita. Sasa pima hewa yenyewe kwenye mizani: lita moja ni gramu 1.2. Amekosea karibu mara tisa na nusu. Kinyume chake, chukua uzito wa kila gesi kulingana na sehemu yake, yaani naitrojeni 28, oksijeni 32, agoni 40, jumlisha, utapata karibu 29. Gawanya 29 kwa 24: gramu 1.2. Namba imekaa mahali pake. Tena hiyo 29 ni wastani tu. Molekuli ya kawaida ya naitrojeni au ya oksijeni haina uzito huo. Ni sawa na kusema wastani wa umri wa mama na mtoto ni miaka 20, ilhali nyumbani hakuna mwenye miaka 20.

Kampaundi za kweli za naitrojeni na oksijeni zipo, na zitazame zilivyo. Kuna naitrojeni dayoksaidi, gesi ya kahawia inayokereketa koo na kuunguza mapafu. Kuna ile N2O inayotumika hospitalini kwenye ganzi. Haina rangi kama hewa ilivyo, lakini ukiivuta peke yake unapoteza fahamu, maana oksijeni iliyomo imefungwa na mwili hauwezi kuifungua. Hewa haitufanyii lolote kati ya hayo. Oksijeni ya hewani inachoma kuni na kutia chuma kutu kama oksijeni ifanyavyo, ila kwa kasi ndogo kwa kuwa imepunguzwa makali na naitrojeni.

Hebu tuulize pia: zikikutanishwa, hutokea nini? Chukua mililita 79 za naitrojeni na mililita 21 za oksijeni, ziweke pamoja. Unapata mililita 100 barabara. Kipimajoto hakisogei, hakuna mwanga, na kijiti kinachowaka kinawaka humo kama kinavyowaka hapa tulipo. Linganisha na haidrojeni na oksijeni: cheche moja tu, mlipuko, joto, na gesi mbili zimegeuka maji. Kuungana huacha alama, kwa kutoa au kumeza joto.

Na si kwamba naitrojeni na oksijeni haziwezi kuungana. Zinaweza, ila bei yake ni kubwa: karibu kilojuli 180 kwa kila moli ya naitrojeni. Radi hulipa bei hiyo. Pale inapopita, hewa huchemka kwa maelfu ya nyuzi, naitrojeni na oksijeni huungana kuwa naitrojeni monoksaidi, ambayo huchukua oksijeni zaidi, huyeyuka kwenye mvua na kufika shambani ikiwa naitreti, mbolea ya bure. Ndani ya injini ya gari linatokea jambo hilohilo, na ndiyo sababu moshi wa magari una oksaidi za naitrojeni ingawa mafuta yenyewe hayana naitrojeni ya kutajika. Kama hewa ingekuwa tayari imeungana, radi isingekuwa na kazi hiyo ya kufanya.

Nitakaa kidogo kwenye suala la kutenganisha, kwa sababu hapo kemia ya darasani inagusa maisha ya watu. Mchanganyiko hutenganishwa kwa njia za kifizikia: kupoza, kuchuja, kunasa. Huhitaji kuvunja muungano wowote.

Angalia mashine ya oksijeni inayowekwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Haitengenezi oksijeni, inaichambua. Ndani mna mitungi miwili yenye punje za madini yaitwayo zeolaiti. Kompresa inasukuma hewa kwenye mtungi wa kwanza. Chini ya mgandamizo, zeolaiti hunasa naitrojeni zaidi kuliko oksijeni, na oksijeni inapita. Baada ya sekunde chache valvu hugeuka, mtungi wa pili unashika zamu, wa kwanza unaachiwa mgandamizo na naitrojeni yake inatoka nje. Hamna moto wala badiliko la kemikali. Zeolaiti inabaki ileile kwa maelfu ya saa. Kinachotoka huwa na oksijeni kati ya asilimia 90 na 96. Kwa nini isifike 100? Kwa sababu agoni hainaswi, inapita pamoja na oksijeni. Piga hesabu: ukiondoa naitrojeni yote, zinabaki sehemu 20.95 za oksijeni na 0.93 za agoni, na oksijeni inakuwa asilimia 95.7. Dari ya mashine hiyo imewekwa na agoni iliyomo hewani, mhandisi hana la kufanya.

Inapoharibika, mara nyingi sababu ni za kawaida. Kichujio kikijaa vumbi, kompresa hukosa hewa. Unyevu ukipenya hadi kwenye zeolaiti, maji hushika nafasi ya naitrojeni kwa nguvu zaidi na punje zinachoka. Na mashine ya lita 5 kwa dakika ikilazimishwa kutoa zaidi, oksijeni hupungua asilimia bila mgonjwa kuona, kwa kuwa hewa inapita haraka kuliko zeolaiti inavyoweza kunasa. Mhudumu asitazame mtiririko peke yake. Apime na kiwango cha oksijeni.

Njia ya pili ni kuigeuza hewa iwe kimiminika, kazi ambayo mhandisi Mjerumani Carl von Linde aliifanya iwe ya kiwanda mwaka 1895. Hewa husafishwa vumbi, hukandamizwa, na kabla ya kupozwa sana huondolewa mvuke wa maji na kabonidayoksaidi. Hatua hiyo hairukwi: maji huganda kwenye nyuzi 0, kabonidayoksaidi hugeuka barafu karibu nyuzi 78 chini ya sifuri, na vyote viwili vitaziba mabomba. Kisha hewa hupozwa kwa kuachiwa itanuke, mpaka iwe kimiminika karibu nyuzi 194 chini ya sifuri, na hupandishwa kwenye mnara wa kukenekea, yaani wa kutenganisha vimiminika kwa tofauti ya joto la kuchemka. Naitrojeni huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, agoni 186, oksijeni 183. Naitrojeni inatoka juu, oksijeni inabaki chini, agoni inachukuliwa katikati. Huko ndiko inakotoka agoni ya mafundi wa kuchomelea alumini.

Kuna uthibitisho mwingine umejificha humo. Kampaundi safi, katika kanieneo (yaani mgandamizo) moja, huchemka kwenye joto moja hadi tone la mwisho. Maji safi, ukiyachemshia pwani, yanachemka nyuzi 100 mwanzo hadi mwisho. Hewa ya kimiminika ikiachwa ichemke, joto lake linapanda polepole, kutoka karibu 194 chini ya sifuri kuelekea 183, kwa sababu naitrojeni inaondoka kwa wingi kwanza. Kinachobaki kinazidi kuwa cha samawati, rangi ya oksijeni ya kimiminika. Hapo pana hatari: hewa ya kimiminika iliyokaa muda mrefu ni oksijeni karibu tupu, na ikimwagikia mafuta au nguo, cheche ndogo inatosha. Ndiyo maana sehemu ya kuvutia hewa ya kiwanda kama hicho haiwekwi karibu na asetilini, gesi ya kuchomelea inayowaka upesi.

Maji nayo yanachagua. Kila gesi ya hewani huyeyuka majini kwa kadiri yake, na oksijeni huyeyuka karibu maradufu ya naitrojeni. Jaza chupa ya maabara ya nusu lita kwa maji ya bomba yaliyokaa wazi, pomoni, pasibaki povu hata moja. Ziba kwa kizibo chenye mrija uliojaa maji pia, elekeza mrija chini ya neli iliyojaa maji na kupinduliwa ndani ya beseni, kisha chemsha. Utakusanya karibu mililita 9 za gesi kama maji yalikuwa na nyuzi 25. Ukiipima oksijeni humo, utakuta ni karibu theluthi moja, asilimia 33 au 34, badala ya 21. Maji yameyeyusha naitrojeni na oksijeni kila moja kivyake, jambo lisilowezekana kama zingekuwa zimeungana. Sato wa Ziwa Victoria anaishi kwa uchaguzi huo. Kosa la kawaida hapa ni kuacha hewa ndani ya mrija wa kupitishia. Mililita 5 za hewa mrijani zinatosha kuharibu hesabu ya mililita 9.

Sasa jaribio ambalo kila shule inaweza kulifanya, hata isiyo na maabara. Kabla yake, niseme neno juu ya mshumaa, kwa sababu umepotosha vizazi. Mshumaa huwekwa kwenye sahani ya maji, hufunikwa kwa glasi, unazimika, maji yanapanda karibu moja ya tano, na darasa linaambiwa: tazameni, oksijeni imekwisha. Si kweli. Mshumaa huzimika oksijeni ikiwa bado karibu asilimia 16. Katika kila mililita 100 za hewa umetumia kama 5 za oksijeni, ukarudisha zaidi ya 3 za kabonidayoksaidi, ambayo haiyeyuki majini kwa haraka. Pungufu halisi haifiki mililita 2. Maji yanapanda kwa sababu hewa ya ndani ilikuwa ya moto. Hewa iliyofika nyuzi 100 ikipoa hadi 27 hupungua karibu asilimia 20, na hapo ndipo moja ya tano inapojitokeza kwa bahati mbaya. Mnaotaka kuhakikisha, wekeni mishumaa mitatu badala ya mmoja: maji yatapanda zaidi, ilhali oksijeni ya glasi ni ileile.

Tumia chuma. Nunua pamba ya chuma laini, ile ya mafundi wa mbao na rangi. Zile nyuzi nene zinazong'aa za kusugulia masufuria mara nyingi ni chuma kisichoshika kutu, na jaribio litakwama bila ninyi kujua kwa nini. Chukua gramu 1 hadi 2. Oksijeni ya mililita 100 za hewa inahitaji chuma kisichozidi gramu 0.07, kwa hiyo unacho cha kutosha na cha ziada. Ioshe kwa sabuni kuondoa mafuta ya kiwandani, ichovye kwenye siki dakika moja, isuuze, ikung'ute. Itawanye iwe wazi, isiwe donge, halafu isukume hadi mwisho wa silinda ya kupimia ya mililita 100. Pindua silinda ndani ya ndoo ya maji. Kwa mrija mwembamba na bomba la sindano, vuta hewa kidogo mpaka maji ya ndani yafike alama ya 100 huku yakilingana na maji ya nje. Andika saa na joto. Iache hadi kesho yake.

Kesho, saa ileile, sukuma silinda chini mpaka maji ya ndani na ya nje yalingane, ndipo usome. Inatakiwa isome karibu 79. Rudia siku ya pili. Kama namba haijasogea, kazi imekwisha. Watu hujisumbua sana na kulinganisha maji, na ni vizuri, lakini tofauti ya sentimita 4 inaleta kosa la karibu theluthi moja ya mililita tu. Joto ndilo adui mkubwa. Nyuzi 3 za tofauti zinasogeza usomaji karibu mililita nzima, ndiyo maana nimesisitiza saa ileile, na silinda isishikwe kwa kiganja wakati wa kusoma. Maji yakigoma kwenye 90, chuma kimekuwa donge au si cha aina inayotakiwa. Yakishuka badala ya kupanda, siki imebaki nyingi: asidi inakula chuma na kutoa haidrojeni.

Gesi iliyobaki ichunguzwe. Katika silinda nyingine iliyoandaliwa vilevile, kijiti kinachowaka huzimika mara moja. Maji ya chokaa hayageuki maziwa, basi si kabonidayoksaidi. Ni naitrojeni, pamoja na agoni yake.

Wengi huishia hapo, na mimi nawasihi msiishie hapo, kwa sababu utamu uko kwenye kuijenga upya. Tafuta haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa maduka ya dawa kwa kusafishia vidonda. Mililita 1 yake hutoa karibu mililita 10 za oksijeni ikitiwa hamira kidogo. Chukua mililita 50, tumia chupa ya mililita 200 hivi kwa kuwa povu litapanda, na sehemu kubwa ya gesi ya kwanza iache ipotee kwa sababu imechanganyika na hewa iliyokuwa chupani. Kisha ingiza oksijeni kwenye silinda, kutoka 79 hadi alama ya 100. Itoe silinda ikiwa imezibwa, ingiza kijiti kinachowaka. Kinawaka kama hewani. Umeivunja hewa na kuiunda tena, bila joto kutoka wala kuingia ulipoziweka gesi pamoja.

Historia ina funzo moja la kuwapa wanafunzi wakubwa. Mwaka 1785 Henry Cavendish, huko Uingereza, alipiga cheche za umeme kwenye naitrojeni ya hewani pamoja na oksijeni ya ziada hadi naitrojeni ikaisha, akabakiwa na kiputo kidogo, kisichozidi sehemu moja katika 120, kilichokataa kuungana na chochote. Aliandika, na jambo likalala zaidi ya miaka mia moja. Kisha mwanafizikia Mwingereza, Lord Rayleigh, akagundua kwamba lita moja ya naitrojeni iliyotolewa hewani ni gramu 1.257, na ile iliyotengenezwa kutoka kwenye kampaundi kama amonia ni gramu 1.251. Tofauti ya nusu asilimia. Mtu mwingine angeilaumu mizani. Yeye na mwanakemia William Ramsay wakaifuata, na mwaka 1894 wakatangaza agoni, gesi yenye uzito wa 40 iliyokuwa inaiongezea naitrojeni ya hewani uzito. Kiambato kizima cha karibu asilimia moja kilikuwa puani mwa kila mtu. Ndani ya kampaundi, mgeni wa namna hiyo asingepata pa kujificha, maana uwiano ungemkataa.

Nimalizie na pingamizi ambalo mwanafunzi mwerevu lazima alete, nalo liliwasumbua hata wanakemia wa karne ya 19. Kama hewa imechangamana tu, mbona uwiano wake ni uleule karibu kila mahali? Na mbona oksijeni, iliyo nzito, haizami chini ikaiacha naitrojeni juu? Wapo waliosema uthabiti huo ni dalili ya muungano. Mwanakemia Mwingereza John Dalton, aliyekuwa akiandika habari za hali ya hewa kila siku, alishikilia kwamba kila gesi hutawanyika kana kwamba nyingine hazipo na kutoa kanieneo yake yenyewe. Mwaka 1801 akaieleza kanuni hiyo. Leo tunajua molekuli za naitrojeni hukimbia karibu mita 500 kwa sekunde, zikigongana na kupelekana huku na huku, na upepo unakoroga. Hadi karibu kilomita 100 juu, mkorogo unashinda uzito.

Ndiyo maana kilele cha Uhuru, mita 5,895, oksijeni bado ni asilimia 20.95 ya hewa kavu. Mpandaji anahema kwa sababu kanieneo yote imeshuka kufikia karibu nusu, na sehemu ya oksijeni imeshuka nayo, kutoka kilopaskali 21 hadi kama 10.

Lakini mkorogo unahitaji muda na upepo. Mashariki mwa Kongo, karibu na Goma na Sake, chini ya volkano ya Nyiragongo, wenyeji wana neno ambalo wanasayansi wa dunia nzima wameliazima: mazuku. Ni mabonde na mashimo ambamo kabonidayoksaidi hutoka ardhini na kutuama. Lita moja yake ni gramu 1.8, mara moja na nusu ya hewa, na mahali palipofichika upepo hukaa chini kama maji. Usiku na alfajiri tulivu ndiyo hatari zaidi. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita, mbuzi au mtoto aliye chini akaanguka. Ikifika asilimia 10, dakika chache zinatosha kupoteza fahamu. Hewa ya hapo bado inaitwa hewa, ina viambato vilevile, ila vipimo vimebadilika.

Visima vikavu, mashimo ya vyoo na maghala ya nafaka yaliyofungwa yana hatari ya namna hiyo. Desturi ya kushusha mshumaa haitoshi: ukizimika umekwambia kweli, lakini ukiendelea kuwaka haujakwambia lolote kuhusu kaboni monoksaidi au haidrojeni salfaidi, na penye methani utalipua. Pulizeni hewa safi kwanza kwa feni au kompresa hadi chini kabisa kwa muda wa kutosha, anayeshuka afungwe kamba kifuani, na wawepo watu wawili juu wenye nguvu za kumvuta. Akianguka, avutwe kwa kamba. Asishuke mtu wa pili kumfuata.